Mlinzi wa Virunga na Gunia la Mkaa

Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianzishwa mwaka 1925. Walinzi wake hutegua mitego ya nyaya, huwakamata wavuvi wasio na kibali katika Ziwa Edward na kubomoa matanuri ya mkaa. Kazi hiyo ni ya hatari: Aprili 2020, walinzi 12 waliuawa na watu wenye silaha karibu na Rumangabo. Hata hivyo, usimhukumu upesi mchoma mkaa. Naye ana watoto wa kulisha, na mkaa wake hupikiwa katika majiko ya Goma. Sheria isiyompa mwananchi nishati nyingine humwachia mlinzi bunduki tu. Basi, kabla hujanunua gunia, uliza: mkaa huu umetoka msitu upi?