Kabla ya Kuongeza Viti, Hesabuni Wasimamizi

Mwezi wa kumi mwaka jana nilimkuta kijana wa jirani yangu hapa Mugoma, Ngara, akipanda maharage. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza, "Mwanangu, si nilisikia uko chuoni, unasomea uzamili wa kompyuta?" Akaegemea jembe. "Bado nipo chuoni, mzee. Namsubiri supavaiza asome sura ya tatu." Alikuwa akimsubiri tangu mwezi wa sita. Jioni akanionyesha kwenye simu barua alizompelekea mwalimu wake. Zilikuwa saba. Jibu lilikuwa moja: "Nimeipata, nitaisoma."

Wepesi wa kulaumu watasema mwalimu huyo ni mvivu. Mimi sisemi hivyo, maana kijana mwenyewe aliniambia wako zaidi ya ishirini chini ya mtu mmoja. Na tufanye hesabu ya sokoni. Kuisoma rasimu ya tasnifu kwa makini, pamoja na kukagua programu aliyoandika mwanafunzi, si chini ya siku mbili. Rasimu haisomwi mara moja. Tuseme mara tano. Kwa wanafunzi ishirini hizo ni siku 200, na siku za kazi kwa mwaka hazifiki 260. Atafundisha lini wale mamia wa shahada ya kwanza? Atasahihisha lini mitihani yao? Utafiti wake je?

Msinielewe vibaya, wakuu wa vyuo. Sitetei kufunga milango. Nchi hii ilishaufunga mlango mara moja: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na gharama ya kuchelewa tunaijua. Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki nzima ya teknolojia ya habari kule Kijitonyama. Dodoma wana ya kwao, Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela, na kwa fedha za mradi wa elimu ya juu wa HEET tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linajengwa Itahwa, hapo Bukoba. Kwa sisi wa Ngara, tuliozoea kumpandisha mtoto basi la zaidi ya kilomita 1,200 kwenda pwani, hilo ni jambo la kushangilia. Ninachouliza ni hiki: majengo yakikamilika, nani atakaa na mwanafunzi wa uzamili mezani?

Ngara hatuhitaji kufundishwa maana ya wingi wa ghafla. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Sifananishi msiba ule na darasa, Mungu apishe mbali. Nakumbusha tu jinsi mapokezi yalivyokwenda. Siku zile hakuna aliyesema warudishwe. Lakini pale kambi ya Benaco swali la kwanza lilikuwa maji: bwawa lile dogo litawafikia wangapi, na malori yalete kiasi gani. Hema lilipatikana kwa siku moja. Maji yalitaka mipango. Ndipo watu wakagawanywa, zikafunguliwa kambi nyingine, Lumasi na Musuhura. Katika uzamili, kiti ni hema na msimamizi ndiye maji.

Tuvuke mpaka wa Mutukula tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2005 waliipandisha taasisi yao ya kompyuta kuwa kitivo kamili, kikiongozwa na Venansius Baryamureeba, aliyechukua uzamivu wake Bergen, Norway. Wanafunzi wakafurika. Sifa ya majengo na maabara ilivuma, lakini kilichonivutia mimi ni jingine: walimu wenyewe waliandikishwa uzamivu, baadhi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Groningen cha Uholanzi, wakaenda na kurudi kwa vipindi huku wakifundisha Kampala. Mtindo huo wa nenda-rudi Dar es Salaam nao waliutumia kwa msaada wa Sweden. Uzamivu hula miaka minne, mara nyingi zaidi. Kwa hiyo idadi ya wanafunzi wa uzamili mtakaoweza kuwapokea miaka mitano ijayo inaamuliwa na wahadhiri wasaidizi mnaowapeleka masomoni mwaka huu, si na tangazo la udahili.

Ipo na njia ya pili. Georgia Tech ya Marekani ilianzisha uzamili wa sayansi ya kompyuta kwa intaneti Januari 2014, kwa wanafunzi wasiozidi mia nne. Sasa wamepita elfu kumi. Siri yake? Wengi wao hawaandiki tasnifu. Husoma kozi kumi, na jeshi la wasaidizi wanaolipwa, wengi wao wahitimu wa programu hiyohiyo, husahihisha kazi. Sisi mfanyakazi wa benki anayetaka kuongeza ujuzi na mtafiti mtarajiwa tunawapitisha mlango mmoja, kisha wote wanakwama kwenye sura ya tatu. Tenganisheni milango: wa kozi na mradi uwe mpana, wa tasnifu uwe mwembamba.

Wakuu wa vyuo, najua ada inashawishi. Lakini kila idara na ibandike, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, orodha ya wasimamizi na nafasi zilizobaki kwa kila mmoja. Zikiisha, zimeisha. Nanyi wazazi wenzangu mnaouza ng'ombe, msiishie kuuliza ada ni kiasi gani. Ulizeni mtoto atakuwa mikononi mwa nani, na ana wangapi tayari.

Kijana wetu aliyapalilia maharage mara mbili, akayavuna mwezi wa kwanza. Sura ya tatu ilirudi wiki ileile ya kupura. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mkato mmoja mwekundu, na wa mwisho ulikuwa na neno moja: "Endelea."