Mwenzenu Amekaa Peke Yake

Ndugu wasomaji, na khasa nyinyi vijana mliomo katika shule za sekondari za Karatu na Ngorongoro, mwezi huu twataka kusema juu ya kijana mwenye ulemavu wa akili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa haki ya kusoma pamoja nanyi katika shule ya kawaida. Lakini sheria yaweza kumpatia dawati. Haiwezi kumpatia rafiki. Kengele ya mapumziko ikilia, nani atamwita?

Wengi wa watoto hawa hukomea shule ya msingi, katika vitengo vyao vya peke yao. Yule mmoja afikaye sekondari huwakuta wenziwe wamekwisha fanya makundi: hawa wa kabumbu, hawa wa kufuatana katika njia ile ndefu ya vumbi jekundu. Yeye hubaki chini ya mti. Hapigwi wala hatukanwi, na kwa hiyo mwalimu hudhani mambo ni mazuri.

Kumhurumia hakutoshi. Mtieni katika timu. Michezo ya Special Olympics, iliyoanza Marekani mwaka 1968 na kufika hata kwetu Tanzania, inazo timu ambamo wenye ulemavu wa akili na wasio nao hucheza upande mmoja. Mwelezeni kwa maneno machache, kanuni moja leo, nyingine kesho, kisha mngojeni ajibu. Na darasa likienda kuitazama kreta, naye awemo, akae baina ya wawili wanaozungumza naye, si karibu na dereva kama mzigo.

Anas bin Malik amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kuwa mwanamke mwenye kasoro ya akili alimjia Mtume (s.a.w.) na haja yake. Mtume alimwachia achague njia aitakayo, akaenda akasimama naye mpaka akamaliza haja yake. Hakumtaka alete mtu wa kumsemea!

Ama nyinyi wazazi, wapo wamfichao mtoto wajapo wageni, na wapo wamkatazao binti yao kuketi na mwenzake huyo wakichelea maambukizo. Ulemavu wa akili hauambukizi. Siku ya Idi mwalikeni kijana huyo mwenyewe, kwa jina lake, si kwa kupitia kwa mama yake, na akifika mwulizeni apenda kuketi karibu na nani.