Kabla Hujalipia Chumba Kisumu, Piga Hesabu ya Usiku Mzima

Watu wengi wakipanga likizo ya mjini huuliza swali moja tu: chumba ni pesa ngapi? Mimi naona hilo ni swali la tatu. La kwanza ni mchana utakuwa wapi, la pili ni nani hasa anapokea pesa yako, halafu ndio tuongee bei. Ukigeuza huo mpangilio, hata ukiwa na elfu kumi za chumba unaweza kulala vibaya.

Naandika nikimfikiria mtu wa huku kwetu Ntimaru. Likizo ya mjini si kitu tunafanya kila mwaka. Kwa wengi wetu, usiku wa kwanza kulala Kisumu haukuwa wa kutembea. Ulikuwa wa kumpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee bado huita Russia, ama wa kuhudhuria mahafali ya mtoto Maseno. Kwa hivyo familia ikiamua kwamba mwaka huu, mahindi yakishauzwa na chama kikishagawana, wataenda kupumzika tu siku mbili tatu, hizo pesa zina uzito. Zimechangwa mia mbili mia mbili. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia zimepotea kwa sababu ya picha nzuri ya kitanda.

Tuanze na ramani. Ukitoka huku unapitia Migori, Rongo, Kisii, Oyugis na Ahero, na unaingia Kisumu kwa upande wa Nyamasaria. Hapo barabarani kuna gesti nyingi, na mtu aliyechoka na safari huona afadhali ashuke palepale. Sina shida na Nyamasaria. Lakini jiulize umekuja kufanya nini. Kama watoto wanataka kuona simba na swala pale Impala Sanctuary, wakae Hippo Point jioni wakiangalia jua likizama ziwani, kisha wale samaki Dunga, basi siku yako yote iko upande wa pili wa mji, kule karibu na Milimani. Kila asubuhi utalipa tuktuk kwenda na kila usiku utalipa kurudi.

Wacha tupige hesabu. Nambari hizi ni za mfano, weka zako. Familia ya watu wanne imepata chumba cha 1,500 mbali na ziwa, bila chai ya asubuhi. Chai na kitu cha kutafuna ni 150 kwa kila mtu, hiyo ni 600. Tuktuk kwenda 300, kurudi 300, hiyo ni 600 nyingine. Usiku mmoja umefika 2,700. Sasa kuna chumba cha 2,300 karibu na Milimani, bei ikiwa pamoja na chai ya watu wawili. Unaongeza chai ya watoto, 300, na kwenda ziwani mnatembea kwa miguu. Jumla 2,600. Chumba kilichoonekana ghali kwa shilingi 800 kimekuwa rahisi kwa shilingi 100. Mia moja si pesa ya kutangaza, najua, lakini hujasimama juani ukibishana na dereva wa tuktuk, na mtoto akilala njiani unambeba dakika chache tu.

Hesabu hiyo inaweza kugeuka pia. Kama umekuja kwa ajili ya mahafali Maseno na utakuwa huko kutwa nzima, Milimani haikusaidii kitu. Kama unampenda nyanya yako na anataka kufika Kibuye Jumapili soko likiwa limejaa, tafuta chumba upande huo. Kondele ni karibu na hospitali na magari hayakosi, ila kelele zake usiku si za mtu anayetaka kupumzika. Riat kuna hewa na unaliona ziwa lote chini, na bila gari utalipia hiyo hewa kila ukishuka mjini. Hakuna mahali pazuri kwa kila mtu.

Sasa maneno ya matangazo. Nimesomea masoko, kwa hivyo hapa naongea kazi yangu. Picha ya chumba hupigwa kutoka kona, mlango ukiwa wazi, kwa lenzi inayopanua ukuta. Kitanda kinaonekana kama kimewekwa uwanjani. Jina pia ni tangazo. “Resort” ni neno ambalo mtu yeyote anaweza kuandika kwenye bango, na nyumba inayoitwa “Lake View” inaweza kuwa na ziwa lake juu ya paa, karibu na tangi la maji. Kitu ambacho si tangazo ni nyota zinazotolewa na mamlaka ya udhibiti wa utalii ya Kenya, ambazo hufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gesti nyingi nzuri hazina nyota hata moja, na hilo si kosa. Lakini mtu akikuambia hoteli yake ni ya nyota nne, muulize zilitolewa na nani.

Badala ya picha za mwenye hoteli, tafuta picha zilizopigwa na wageni. Maoni pia, anza na yale mabaya na ya karibuni. Mtu mmoja akilalamika kwamba mhudumu hakutabasamu, achana naye. Watu watatu wakisema maji hukatika, hayo maji hukatika.

Na tafadhali, kwa mtu wa kutoka huku juu, uliza habari ya neti na feni. Kisumu kuna joto kuliko kwetu na ni eneo la malaria. Chumba cha bei yoyote ambacho hakina neti iliyo nzima, kwangu mimi hakijakamilika. Afadhali kukosa televisheni.

Kisha piga simu. Si ujumbe, simu. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

“Habari yako madam. Nataka chumba cha watu wazima wawili na watoto wawili, Ijumaa mpaka Jumapili. Hiyo bei ni ya chumba ama ni ya kila mtu?”

“Ni ya chumba, lakini watoto zaidi ya miaka kumi wanalipa.”

“Sawa. Na kodi iko ndani?”

Hapo kwa kodi ndipo watu hushangaa wakati wa kuondoka. VAT ni asilimia 16, na kuna tozo ya utalii ya asilimia 2. Hoteli nyingine huongeza ya huduma, tuseme asilimia 10. Chumba kilichoandikwa 5,000 bila hivyo vitu kinakuwa 5,900 ukiweka kodi na tozo, na 6,400 ukiongeza huduma. Hoteli haijakuibia. Umesoma bei nusu tu. Uliza jumla ya mwisho, na uombe waitume kwa ujumbe ili ibaki kwa simu yako.

Uliza pia kama wikendi kuna punguzo. Kisumu ni mji wa semina. Katikati ya wiki vyumba vingi vya katikati ya mji hujaa watu wa mikutano na mashirika, na Ijumaa jioni wanarudi kwao. Mwenye chumba kitupu usiku wa Jumamosi anaongeleka, mradi umemuuliza kwa heshima. Kinyume chake, mji ukiwa na shughuli kubwa usitegemee huruma. Mei 2022, wakati wa mkutano wa Africities, Kisumu ilipokea maelfu ya wageni kwa siku chache. Sherehe za Madaraka za 2025 zilipopelekwa Homa Bay, aliyekuwa na chumba pale alijua anacho. Angalia kalenda kabla ya kuangalia bei, hasa Pasaka na Desemba.

Sasa nifike kwa jambo linaloniuma zaidi. Kuna mama hapa sokoni, ana duka la mbegu, aliyetaka kuwapeleka wanawe mjini Desemba. Akaona ukurasa wenye picha za hoteli, akaandikiana na mtu, akaambiwa vyumba viwili vimebaki na kuna wengine watatu wanasubiri, atume 6,000 haraka kwa namba fulani. Akatuma. Hoteli ilikuwepo kweli, picha zilikuwa zake kweli. Ila yule mtu hakuwa wa hoteli. Familia ilifika na mizigo saa kumi na mbili jioni, na dada wa mapokezi hakuwa na jina lao popote.

Huyo mama si mjinga. Anahesabu pesa kila siku kuliko mimi. Alichokosa ni dakika mbili za kutazama jina. Ukituma pesa kwa namba ama ukilipa kwa till, kabla malipo hayajakamilika jina la mpokeaji linajitokeza kwenye skrini. Lisome. Ukiwa unalipa hoteli na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama. Inawezekana ni gesti ndogo na hilo ni jina la mwenyewe, hutokea sana. Basi tafuta namba ya hoteli mahali pengine, kwenye ramani ya intaneti ama kwa mtu aliyewahi kulala hapo, upige uulize: “Mnapokea malipo kwa jina gani?” Tapeli hukimbiza watu. Hoteli ya kweli itakungoja umalize kupiga simu.

Na usiamini sana kwamba utarudishiwa. Huduma ya kurudisha malipo iliwekwa kwa mtu aliyekosea namba. Inategemea kama pesa bado iko upande ule mwingine, na kwa malipo ya till mfanyabiashara naye huhusishwa. Tapeli hangojei kesho, anatoa pesa dakika hiyohiyo. Ripoti mara moja ukigundua, ndiyo, lakini usitume ukijiambia kwamba utarudisha baadaye.

Maoni yangu kuhusu dipoziti ni haya, na najua wenye hoteli wengine hawatayapenda: lipa kiasi kidogo kinachoshikilia chumba, labda usiku mmoja, na inayobaki ulipe ukishaona chumba kwa macho. Kuna zile bei za “lipa yote leo upunguziwe.” Zinafaa mtu ambaye safari yake haiwezi kubadilika. Safari zetu hubadilika. Mvua hunyesha, barabara huharibika, kunatokea msiba kijijini na huwezi kuwa Hippo Point ukila samaki. Punguzo la mia tano si kitu ukipoteza elfu nane kwa sababu pesa hairudishwi. Uliza mapema: nikighairi siku mbili kabla, mnarudisha ngapi? Jibu la wazi, hata kama ni baya, linakupa kitu cha kuamulia.

Mkifika, lipa kwa till ya hoteli badala ya kutoa pesa kwa wakala na kubeba noti. Kwa till mteja kwa kawaida hakatwi ada, ilhali ukitoa pesa utakatwa, na ukizibeba kwa matatu kutoka Ntimaru hadi Kisumu una wasiwasi safari nzima. Ule ujumbe wa malipo usiufute hadi urudi nyumbani. Ndio risiti yako siku ambayo karani wa zamu ya usiku hajui karani wa mchana alipokea nini. Tiketi za Impala Sanctuary nazo zinalipiwa kwa eCitizen, kwa hivyo acha salio la kutosha na chaji kwenye simu. Usifike getini na noti.

Halafu kuna mkopo wa simu. Najua niko kwa ukurasa wa kampuni ya malipo na pengine nilitakiwa kunyamaza hapa. Mkopo wa simu kwa dawa ama kwa mbegu naelewa. Kwa chumba chenye bafu zuri, hapana. Kama pesa iliyopo inatosha usiku mmoja mzuri, lala usiku mmoja. Siku ya pili si lazima mlale hotelini ili muifurahie. Mnaweza kukaa ufukweni mpaka saa nane mchana kisha mkaanza safari. Mwenye pesa kidogo pia anaweza kulala gesti ya kawaida iliyo safi, kisha jioni akaingia kwa hoteli kubwa ya mjini, akaagiza soda mbili na kuketi bustanini. Hakuna sheria inayosema lazima uwe umelala hapo. Askari wa getini akikuangalia kwa sababu mmeshuka kwa boda, mwambie habari ya jioni na upite.

Mwisho, uliza saa ya kuacha chumba. Hoteli nyingi hutaka ufunguo saa nne asubuhi, na wengi hukubali kukuwekea mizigo mapokezi bila malipo ukiomba. Hapo watu wetu hujisahau, wanakaa Dunga mpaka saa kumi jioni. Ukifika Migori usiku, proboksi za kuja Kehancha zimepungua, na wa kukuleta kutoka Kehancha hadi Ntimaru anataja bei anayotaka. Ama unalala Migori, na hicho ni chumba kingine ambacho hakikuwa kwa hesabu.