Rangi si Raketi

Safari hii tuseme juu ya mchezo wa tenisi, na hasa juu ya chombo chake, yaani raketi. Hata yule asiyepata kuishika atapata neno la kumfaa siku ya kwenda dukani.

Huko Ulaya na Marekani makampuni hutangaza picha ya bingwa ameshika raketi yenye rangi mpya, kisha hupeleka madukani raketi za rangi ile ile. Mtoto akiiona humwambia baba yake, "Nataka ya bingwa." Baba hutoa fedha nyingi. Je, amenunua raketi ya bingwa? Mara nyingi, la. Amenunua rangi yake tu.

Sababu ni hii. Bingwa aliyezoea raketi moja tangu ujana hapendi kuiacha, kama vile mkulima asivyopenda kuacha jembe lililozoea mkono wake. Lakini kampuni hutaka kuuza raketi mpya kila baada ya miaka michache, maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Basi wafanyeje? Humtengenezea bingwa raketi yake kwa kalibu ile ya zamani, halafu huipaka rangi ya ile mpya. Watazamaji huona kipya. Mkono wa bingwa wajua ni kile kile cha kale.

Hata kalibu ikiwa moja, kazi haijaisha. Raketi nyingi za dukani zina gramu 300 hivi bila nyuzi, ziwafae watu wengi. Tena mbili za jina moja zaweza kupitana kwa gramu kadhaa. Bingwa hawezi kuvumilia hayo, kwa kuwa huingia uwanjani na raketi kadhaa, na zote lazima ziwe sawa. Kwa hiyo fundi huzipima kwenye mizani, huzibandika vipande vyembamba vya risasi, hutia silikoni ndani ya mpini, na mpini wenyewe huuunda kwa kipimo cha kiganja cha mwenyewe. Nyuzi nazo hufungwa upya kabla ya mchezo. Wengine hutumia nyuzi za utumbo wa ng'ombe.

Mtazameni Pete Sampras wa Marekani, aliyeshinda mashindano makubwa kabisa mara 14, tangu mwaka 1990 hata 2002. Alishikilia aina moja ya raketi, Wilson Pro Staff yenye uso mdogo wa inchi mraba 85, nayo iliongezwa risasi hata uzito wake ukakaribia gramu 400. Aliyenunua ya jina hilo dukani hakuupata uzito ule.

Labda mtu atasema, "Kumbe twadanganywa! Watuuzie ile ile." Neno hilo ni haki kwa upande mmoja. Atangazaye kuwa chombo ni cha bingwa, huku akijua sivyo, hasemi kweli yote. Lakini ile ile ingetufaa nini? Roger Federer wa Uswisi alipohamia raketi ya inchi mraba 97 mwaka 2014, kampuni iliuza raketi ya jina lake yenye gramu 340 bila nyuzi. Federer aliiweza, kwani kufanya mazoezi ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini mwenye kucheza siku moja kwa juma, akishika chombo kizito namna hiyo, huchelewa kuufikia mpira, na bega humwuma.

Basi, wazazi, mtoto akitaka raketi, mwache aishike na kuipunga mara ishirini mle dukani. Mkono ukichoka, hiyo si yake, hata kama imeandikwa jina la bingwa gani. Ulizeni kwanza uzito, kisha unene wa mpini, kisha nyuzi. Rangi iwe ya mwisho. Mkulima hachagui jembe kwa rangi. Hulinyanyua kwanza, akalisikia mkononi, ndipo atoe fedha yake.