Mkebe Mdogo wa Huduma ya Kwanza

Mkulima aendaye shambani asubuhi hasahau jembe, panga wala chupa yake ya chai. Lakini panga likiteleza na kumkata mguu, hana hata kitambaa safi cha kuufungia, na zahanati iko kilomita kumi. Karani apandaye bodaboda kila siku naye hana cha zaidi. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa damu aweza kufa kwa dakika chache, kabla gari halijapatikana. Basi habari yetu ya leo si ya hospitali, bali ni ya mfuko wako mwenyewe, ndugu msomaji.

Mkebe wa bati wenye kifuniko kinachokaza, usiozidi sana upana wa kiganja, watosha. Ukiwa mkubwa utaachwa nyumbani. Kwanza tia glavu za mpira, maana damu ya mtu mwingine yaweza kukuambukiza ukimwi au homa ya ini. Kisha tia bendeji mbili za kuviringa, vipande vya shashi vilivyomo katika karatasi zao bila kufunguliwa, plasta, makasi madogo na pini chache. Kitambaa cha pembetatu nacho kina kazi nyingi, hasa kutegemeza mkono uliovunjika. Daktari Mjerumani Friedrich von Esmarch, aliyefariki mwaka 1908, ndiye aliyekieneza. Asiyekuwa nacho akunje leso ya mkewe, nayo itafaa vile vile.

Damu ikitoka kwa wingi, weka shashi juu ya jeraha na kukandamiza kwa nguvu kwa dakika kumi nzima. Usiinue kuchungulia! Wengi huharibu kazi hapo. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake, uzidi kukandamiza, na mtu mwingine atafute gari.

Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni. Majivu, udongo, mafuta ya taa na unga wa kahawa si dawa. Uchafu wa udongo ndio uletao pepopunda. Aliyechomwa na msumari au kukatwa na jembe aende zahanati kuulizia sindano ya pepopunda, hata kama hasikii maumivu.

Kwa dawa za kumeza, paracetamol yatosha: mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24. Ongeza pakiti mbili za chumvi ya kuharisha, zichanganywe kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Zikiisha, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazishwa. Dawa za viini zilizobaki kwa jirani usizitie kamwe.

Kuna mambo mawili ambayo mkebe hauna dawa yake. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila siagi wala dawa ya meno. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe sumu, wala asifungwe kamba. Atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali upesi.

Ndani ya kifuniko bandika nambari ya simu ya zahanati na ya mwenye gari wa karibu. Kila baada ya miezi mitatu fungua utazame tarehe za dawa, na uhesabu plasta, kwa kuwa watoto huzipenda mno.