Mwalimu na Filamu ya Dereva Mpweke

Wako wasemao kwamba filamu yenye damu haina nafasi katika chuo cha ualimu. Kwa watoto wa shule ya msingi twakubaliana nao bila ubishi: filamu tutakayoizungumzia isionyeshwe kamwe mbele yao. Lakini mwalimu mwanafunzi ni mtu mzima, na Taxi Driver, iliyotolewa Marekani mwaka 1976, yaweza kumfunza jambo ambalo vitabu vya mbinu za kufundisha aghalabu hulipitia juu juu.

Iliongozwa na Martin Scorsese, ikaandikwa na Paul Schrader, na mwaka huo huo ikapata tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Ufaransa. Robert De Niro aigiza Travis Bickle, kijana wa miaka 26 aliyekuwa askari wakati wa vita vya Vietnam. Usingizi umemkimbia, basi aomba kazi ya kuendesha teksi usiku mjini New York. Usiku kucha amezungukwa na watu, wala hana mtu. Abiria hufanya mambo yao ya aibu nyuma ya kisogo chake kana kwamba kiti cha mbele ki kitupu. Ampenda msichana aitwaye Betsy na, kwa ujinga wala si kwa ubaya, ampeleka kutazama filamu ya ngono. Msichana aondoka kwa hasira. Baadaye Travis anunua bastola, amnyemelea mgombea urais, na akishindwa kumwua huyo, avamia danguro anamotumikishwa Iris, mtoto wa miaka 12, na kuwaua wanaume watatu.

Mauaji hayo siyo yanayotufanya tuithamini kazi hii. Liko tukio dogo kabla yake, ambalo mtazamaji mwenye haraka hulisahau. Travis amwita pembeni dereva mwenziwe aliyemzidi umri, mtu anayesifika kwa maarifa. Ataka kusema, na maneno hayaji. Mwishowe atamka tu kwamba ana mawazo mabaya kichwani. Yule mkubwa ampa hotuba kuhusu kazi na maisha, kisha amtuliza asihangaike. Hakumwuliza ni mawazo gani. Hatudai kwamba swali lile lingalizuia damu, ila halikuulizwa.

Ni mara ngapi nasi, wakati wa mazoezi ya kufundisha, humjibu mtoto kabla hajamaliza kusema? Ametamka sentensi mbili zilizokatika, twampa methali na kumrudisha kitini. Na yule akaaye kimya nyuma ya darasa, asiyesumbua mtu, twamwandikia 'tabia njema' katika ripoti, tukamsahau hadi muhula ujao.

Schrader mwenyewe aliyajua aliyoyaandika. Ameeleza kwamba kuna wakati aliishi ndani ya gari lake, na alipofika hospitalini kwa ajili ya vidonda vya tumbo ndipo alipotambua kwamba hakuwa amezungumza na mtu kwa majuma kadhaa.

Kwa upande wa mbinu, filamu hii ni somo zuri la ufahamu. Travis aandika shajara, nasi twasikia sauti yake ikisoma. Lakini sauti yasema hili na picha yaonyesha lile. Awaandikia wazazi wake kwamba afanya kazi ya siri ya serikali na kwamba anaye mchumba, Betsy. Twajua kwamba yote mawili ni uongo. Mkufunzi asimamishe picha hapo, awaache wanachuo waeleze jinsi walivyojua. Hiyo ndiyo kazi tuifanyayo tunaposoma insha ya mtoto aandikaye kwamba nyumbani kwao mambo yote ni mema.

Pingamizi moja lina uzito. Tarehe 30 Machi 1981, John Hinckley, aliyeitazama filamu hii mara nyingi mno, alimpiga risasi Rais Reagan. Kwa hiyo isiwekwe kama burudani ya Jumamosi, watu waingie na kutoka. Tena isemwe wazi kwamba watu weusi wa New York humo twawaona kwa jicho la Travis tu, jicho la chuki na hofu, na hawapewi nafasi ya kutosha kujibu. Mjadala wa jambo hilo usikosekane.

Mwisho wake ndio mgumu kuliko yote. Magazeti yaliyobandikwa ukutani yamfanya Travis shujaa, na baba yake Iris ampelekea barua ya shukrani. Angalimwua yule mgombea, magazeti hayo hayo yangalimwita nini? Mkufunzi aulize swali hilo taa zikiwa bado zimezimwa, kisha anyamaze, angojee mkono wa kwanza, hata kama utachukua dakika tano.