Sikio la Kuinulia Mzigo Lisichomelewe kwa Kukisia

Fundi wa Katwe akiletewa kazi ya kuchomelea sikio la kuinulia kwenye sanduku la jenereta, huambiwa neno moja tu: lishike sana. Haelezwi uzito wa mzigo wala unene wa chuma. Hatari huanzia hapo, na si haki fundi abebeshwe lawama peke yake ilhali aliyeleta kazi ndiye aliyenyamaza.

Yafaa ieleweke kwamba sikio la milimita 20 na bamba la milimita 6 havipokei moto sawasawa. Chuma kinene hunyonya joto upesi. Mshono mdogo ulio juu yake hupoa ghafula, hukakamaa, na waweza kupasuka kwa ndani saa kadhaa baada ya kazi, hasa kama vijiti vya kuchomelea vilikuwa na unyevu. Bamba jembamba nalo huliwa na moto. Kwa sababu hiyo fundi hodari hulipasha sikio joto kwanza, kisha huuelekeza moto wa umeme zaidi upande wa chuma kinene.

Wengi hudhani kwamba kurundika chuma kwenye kona ndiko kuongeza nguvu. Mshono wenye miguu ya milimita 6 una koo, yaani sehemu yake nyembamba kuliko zote, la milimita 4 na kidogo. Ukiurundika hata mara mbili, bamba lenyewe litararuka kando yake. Heri kuweka bamba pana la kati, au kulihamishia sikio kwenye mhimili wa fremu. Tena kuna minyororo: mzigo wa tani 2 ukining'inia kwa masikio mawili, na minyororo imetanuka nyuzi 60 kutoka wima, kila sikio huvutwa kwa tani 2 nzima, tena kwa upande.

Kwa hiyo kila sikio liandikwe uzito linaoruhusiwa kubeba, na lijaribiwe kwa mzigo uliozidi kidogo huo, karibu na ardhi, watu wakiwa mbali. Askari au polisi anayeamriwa kufanya kazi chini ya mzigo ulioshikwa na sikio lisilo na alama anayo haki ya kuuliza: "Afande, limejaribiwa?" Huo si utovu wa nidhamu, kwani cheo hakiongezi hata kilo moja kwenye mshono. Na afande asiye na jibu aamuru mzigo ushushwe.